Saa, Nasaba na Wakfu

Katika vitu vyote anavyovivaa mwanadamu ili ajulikane kuwa ana jaha, ni vichache vilivyo vidogo kwa umbo na vikubwa kwa bei kama saa ya mkono. Na katika nyumba zote zitengenezazo saa hizo, nne au tano tu ndizo zigombeazo kiti cha mbele, zote zikiwa katika nchi moja ya Uswisi, na tatu kati yake zikiwa katika mji mmoja wa Geneva. Mwenye Patek Philippe humwona mwenye Rolex kuwa ni tajiri wa juzi. Mwenye Rolex hujibu kwamba saa yake yajulikana na hamali wa bandarini na waziri sawasawa, ilhali ile nyingine haijulikani ila na wachache wenye kujuana. Na mwenye Vacheron Constantin, ambaye nyumba yake ni kongwe kuliko hizo mbili, aghalabu hukaa kimya, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Heshima hii ina asili yake, na asili hiyo siyo ile wanayoitaja wauzaji madukani.

Ilianza kwa kukatazwa. Katika karne ya 16, Jean Calvin alipoushika mji wa Geneva kwa mkono wa dini, mapambo ya dhahabu na vito yalipigwa marufuku, na masonara wa mji, waliokuwa wengi na hodari, wakajikuta wana ustadi mikononi na hawana pa kuutumia. Saa ilisalimika, maana ilihesabiwa kuwa ni chombo cha manufaa. Basi masonara wakahamia katika saa, wakaongezewa nguvu na mafundi wa Kiprotestanti waliokuwa wakikimbia mateso Ufaransa, na mwaka 1601 wakaunda chama chao cha mafundi saa chenye kanuni na viapo vyake. Hivyo pambo likajificha ndani ya chombo cha kazi, na mpaka leo, nionavyo mimi, halijatoka humo.

Lau ukongwe peke yake ungetosha kuleta heshima, mashindano yangalikwisha zamani. Jean-Marc Vacheron alifungua karakana yake Geneva mwaka 1755, na tangu hapo nyumba hiyo haikupata kufungwa. Mwaka 1819 aliingia François Constantin, mtembezi wa biashara aliyeipeleka saa hiyo katika miji ya Ulaya. Na mwaka 1839 fundi wa nyumba hiyo Georges-Auguste Leschot alibuni mitambo ya kukata vipande vya saa vilivyolingana, hata kipande cha saa hii kikaweza kuingia katika saa ile, jambo ambalo kabla yake lilikuwa ndoto. Mwaka 2015, kwa kuadhimisha miaka 260, nyumba hiyo ilitoa saa ya mfukoni yenye kazi 57 ndani yake, mbali na ile ya kuonyesha majira. Pamoja na hayo yote, katika minada mikubwa jina la Vacheron husomwa baada ya mengine. Ukongwe unao, ilichokikosa ni kitu kingine, nitakachokifikia mbele.

Patek Philippe ilianzishwa na mkimbizi. Antoni Patek alikuwa askari wa Poland aliyepigana katika uasi ulioanza mwaka 1830 dhidi ya utawala wa Urusi. Uasi uliposhindwa alitangatanga hata akatua Geneva, na mwaka 1839 akafungua biashara ya saa pamoja na Franciszek Czapek, mwenziwe katika ugeni. Patek alikuwa mfanyabiashara, si fundi, lakini alikuwa na jicho la kumtambua fundi, na mwaka 1844 huko Paris jicho hilo lilimwangukia Mfaransa Adrien Philippe, aliyekuwa amebuni namna ya kuijaza saa bila ya ufunguo, kwa kuzungusha kichwa kidogo kilichotokeza pembeni mwake. Msomaji asiidharau hila hii. Kabla yake saa ya mfukoni ilikuwa na ufunguo uliowekwa mbali, ambao ukipotea saa imekufa, na kila ulipoingizwa vumbi nalo lilipata njia. Kwa hiyo kile kichwa ambacho watu hukizungusha leo bila kukifikiri kilikuwa ni mapinduzi katika ufundi huu. Mwaka 1851 jina la Philippe likaungana na la Patek, na mwaka huohuo, katika Maonyesho Makubwa ya London, Malkia Victoria akajipatia saa yao. Mfalme akishavaa, wakuu hufuata, na matajiri huwafuata wakuu.

Lakini sifa iliyoiweka Patek mahali ilipo ilitoka kwa wateja wawili wa Marekani katika miaka ya 1920, James Ward Packard, mtengenezaji wa magari wa Ohio, na Henry Graves, tajiri wa New York, ambao kila mmoja wao aliiagizia nyumba hiyo saa zenye kazi nyingi kuliko za watangulizi wake. Packard alipelekewa saa yenye ramani ya nyota za mbingu ya mji wake wa Warren. Graves naye akapelekewa, mwaka 1933, saa yenye kazi 24, ikiwamo kalenda iujuayo mwaka mrefu na mfupi bila kuambiwa, milio ya kugonga, nyakati za kuchomoza na kuchwa kwa jua, na ramani ya nyota za New York. Saa hiyo iliuzwa Geneva mwaka 2014 kwa faranga za Uswisi zaidi ya milioni 23. Haikuvaliwa hata siku moja na mwenye kuinunua kwa ajili ya kujua kama amechelewa, na nathubutu kusema hivyo bila kumjua.

Mwaka 1932, katika dhiki ya uchumi iliyoenea ulimwenguni, nyumba hiyo ilinunuliwa na ndugu wawili wa ukoo wa Stern, ambao kabla ya hapo walikuwa wakiiuzia nyuso za saa. Ukoo huo ungali unaimiliki. Kutokana na hilo limejengwa tangazo lake mashuhuri, lililoanza mwaka 1996, lenye picha za baba na mwana, likidai kwa maneno ya kuzunguka kwamba mwenye saa hiyo si mmiliki wake bali ni mwangalizi anayemtunzia mrithi. Mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa usemi huu, maana ni lugha ya wakfu: mali haigawanywi, haiuzwi, inapita mikononi mwa kizazi baada ya kizazi. Tofauti ni kwamba wakfu hauendi mnadani, ilhali Patek za marehemu hunadiwa Geneva kila mwaka, mara mbili, na warithi hawaonekani kusita.

Sasa tuje kwa Rolex, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa chake ni kirefu na, kwa kweli, kinanipendeza zaidi. Hans Wilsdorf alizaliwa Kulmbach, Bavaria, mwaka 1881, akawa yatima angali mdogo, akafanya kazi ya ukarani wa barua katika biashara ya saa huko La Chaux-de-Fonds, kisha akaenda London, ambako mwaka 1905 alianzisha kampuni pamoja na shemeji yake Alfred Davis. Hakutengeneza saa, alizinunua mashine zake kwa Aegler wa mji wa Bienne, akazitia katika makasha, akaziuza. Wakati huo mwanamume mwenye adabu zake alibeba saa mfukoni, na ile ya mkononi ilihesabiwa bangili ya wanawake, isiyoweza kushika majira sawasawa kwa kuwa ni ndogo na hutikiswa. Wilsdorf alisadiki kinyume cha watu. Mwaka 1908 aliandikisha jina Rolex, fupi la kutosha kukaa usoni mwa saa na jepesi kwa ulimi wa taifa lolote. Mwaka 1910 akapata Bienne shahada ya usahihi kwa saa ya mkono. Na mwaka 1914 akapata shahada ya daraja la juu kutoka Kew, Uingereza, ambayo ilizoeleka kupewa saa kubwa za merikebuni. Vita vya Kwanza vya Dunia vikamalizia hoja, maana askari aliye handakini hana mkono wa kupekulia mfukoni. Mwaka 1919, kwa uzito wa ushuru wa Uingereza, aliihamishia biashara Geneva. Kwa hiyo hii saa ambayo watu huitaja kama mfano wa Uswisi ilizaliwa London, kwa akili ya Mjerumani.

Mwaka 1926 alitoa kasha lililofungwa kwa parafujo hata maji yasipenye, akaliita Oyster, yaani chaza. Mwaka uliofuata mwanamke mmoja wa Kiingereza, Mercedes Gleitze, aliuogelea mlangobahari wa Uingereza na Ufaransa mwezi wa Oktoba. Watu wakatilia shaka, kwa kuwa mwingine alikuwa amedai uongo wa namna hiyohiyo. Naye akaingia tena majini siku chache baadaye, safari hii akiwa amevaa Oyster shingoni. Baridi ilimzidi akatolewa kabla ya kufika, lakini saa ilitoka ikitembea, na Wilsdorf akanunua ukurasa wa mbele mzima wa gazeti la Daily Mail kuutangazia ulimwengu. Tazama ujanja wake: mwogeleaji hakuvuka, na tangazo likafaulu. Tangu siku hiyo Rolex haikuuza saa bila ya kuuza mtu aliyefanya jambo gumu akiwa nayo, awe rubani, mpanda milima au mzamiaji. Na ushindani ukawa mkali kiasi kwamba kilele cha Everest cha mwaka 1953 kiligombewa matangazoni baina ya Rolex na Smiths ya Uingereza, kila mmoja akijipa sehemu yake ya theluji.

Kuna tendo lingine la Wilsdorf lisilotajwa sana. Katika Vita vya Pili, maofisa wa Kiingereza waliofungwa katika kambi za Wajerumani, waliokuwa wamenyang'anywa saa zao, waliweza kumwandikia Wilsdorf barua wakaagiza Rolex, naye akaipeleka kwa sharti la kulipwa vita vikisha. Biashara ilikuwamo, sikatai, lakini kumkopesha mfungwa katika mwaka ambao hakuna ajuaye nani atashinda ni kumwambia kwamba utashinda, na waliorudi hawakuisahau.

Omega ilikuwa na kila sababu ya kuishinda Rolex. Mizizi yake ni karakana ya Louis Brandt ya mwaka 1848. Ilikabidhiwa kupima mbio za Olimpiki za Los Angeles mwaka 1932. Na mwaka 1965 shirika la anga la Marekani, baada ya kuzitesa saa kwa joto, baridi na mtikisiko, liliichagua Speedmaster yake. Mwaka 1969 saa hiyo ilikuwa mkononi mwa Buzz Aldrin juu ya Mwezi, Neil Armstrong akiwa ameiacha yake chomboni kwa kuwa kipima muda cha humo kiliharibika. Ni ushahidi gani mwingine mtu angetaka? Hata hivyo, katika miaka iliyofuata Omega ilitoa saa za aina nyingi mno, za bei nyingi mno, kwa kila mteja aliyepita, ilhali Rolex iliendelea na zilezile chache, ikizirekebisha polepole hata aliyeinunua mwaka 1960 akatambua saa yake katika kioo cha duka la mwaka 1990. Hata James Bond, ambaye katika vitabu vya Ian Fleming alivaa Rolex, huvaa Omega katika sinema tangu mwaka 1995, na hilo halikubadili daraja.

Usahihi nao, ambao kila nyumba iliuapia, ulikoma kuwa hoja siku ya Krismasi ya mwaka 1969, Seiko ya Japani ilipouza Tokyo saa ya kwanza ya mkono ya betri, iitwayo Astron, iliyoendeshwa na mtetemo wa kipande cha kwatsi badala ya kamani. Ilipotea sekunde 5 hivi kwa mwezi. Saa bora ya kamani ya Uswisi inaruhusiwa, kwa kanuni ya shahada yake rasmi, kupunguza sekunde 4 au kuzidisha 6 kwa siku moja. Astron ilikuwa ghali, yeni 450,000, bei ya motokaa ndogo, lakini saa za betri hazikukawia kushuka bei hata zikauzwa kando ya barabara. Na katika Uswisi watu waliofanya kazi ya saa, waliokuwa kama 90,000 mwaka 1970, walibaki kama theluthi yao katikati ya miaka ya 1980. 

Ndipo likatokea jambo la ajabu, kwamba saa zilipopoteza sababu ya kuwapo ndipo zilipopanda bei. Mwaka 1972 Audemars Piguet, nyumba ya mwaka 1875 ya kijiji cha Le Brassus, ilitoa Royal Oak, saa ya chuma cha pua yenye pembe nane na parafujo nane zinazoonekana wazi, kwa faranga 3,300, bei iliyozizidi saa nyingi za dhahabu. Aliyeichora ni Gérald Genta, aliyesimulia kwamba aliifanya kwa usiku mmoja. Miaka minne baadaye Genta huyohuyo akaichorea Patek Philippe saa ya Nautilus, nayo Patek ikajigamba hadharani kwamba mojawapo ya saa ghali za dunia imetengenezwa kwa chuma. Vacheron ikafuata mwaka 1977 na saa ya namna hiyo kwa mkono wa mchoraji mwingine. Na sasa sikiliza lile ambalo wauzaji hawalitaji: mashine iliyokuwa ndani ya zote tatu ilikuwa ya asili moja, iliyobuniwa na Jaeger-LeCoultre, kila nyumba ikiipamba kwa mkono wake na kuipa namba yake. Mahasimu watatu, moyo mmoja. Rolex nayo, tangu 1988 hadi 2000, iliiendesha saa yake ya Daytona kwa mashine iliyotoka kwa Zenith. Anayedhani kwamba tofauti ya daraja imo katika magurudumu amedanganyika.

Basi imo wapi? Kwa maoni yangu imo katika uwezo wa kukataa kuuza. Omega imo katika kundi la Swatch pamoja na Longines, Breguet na Tissot; Vacheron iliingia katika Richemont mwaka 1996 pamoja na Cartier na wengine; na kampuni zilizouza hisa sokoni huulizwa kila mwaka kwa nini mauzo hayakupanda. Patek ni ya ukoo wa Stern. Audemars Piguet ingali mikononi mwa koo za waanzilishi. Na Rolex, hapa ndipo pa kustaajabia, ni wakfu hasa: Wilsdorf hakuwa na mtoto, na baada ya kufiwa na mkewe mwaka 1944 aliunda taasisi yenye jina lake, akairithisha kampuni yote kabla ya kufa mwaka 1960, nayo hutumia mapato katika sadaka na kazi za mji wa Geneva, hata daraja juu ya mto Arve, lililofunguliwa mwaka 2012, huitwa kwa jina lake. Patek husema kama wakfu. Rolex, ipigiwayo kelele kuwa ya wapendao kujionyesha, ndiyo iliyo wakfu kwa sheria.

Asiyeharakishwa huweza kungojewa. Mwaka 2021 Patek iliamua kuisimamisha Nautilus ya chuma iliyokuwa ikitakwa kuliko zote, mahali ambapo mwingine angezidisha kiwanda. Mwezi wa Desemba ikatoa 170 za mwisho zenye uso wa rangi ya buluu ya duka la Tiffany, na moja yake ikauzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 6. Mwaka 2019 Patek nyingine, nayo ya chuma, ilinadiwa Geneva kwa faranga milioni 31 kwa ajili ya hisani, ikawashinda wote waliotangulia. Anayetaka Rolex ya chuma dukani huandikwa jina akaambiwa asubiri, na ungojeaji huo wenyewe umekuwa sehemu ya bidhaa; siusifu, kwa kuwa mteja hufanywa mwombaji mbele ya mtu anayemlipa.

Lakini kuna heshima isiyotoka kwa mtengenezaji. Sultani Qaboos bin Said wa Oman, aliyetawala tangu 1970 hadi alipofariki mwaka 2020, aliagiza kupitia duka la Asprey la London saa za Rolex na za nyumba nyingine, zikiwa na jambia la nembo ya dola usoni au mgongoni, akawatunukia maofisa na watumishi waliomridhisha. Miaka hiyo ndiyo waliyorejea Oman watu wengi wa asili yake kutoka Unguja na bara yetu, Kiswahili kikasikika ofisini Maskati. Na tunzo ya mtawala ni desturi ambayo hakuna aliyelelewa pwani atakayeiona ngeni. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hulipa ziada kubwa kwa ajili ya lile jambia, ambalo halikuongeza hata punje ya dhahabu, kwa kuwa linathibitisha kwamba saa hii haikununuliwa na aliyeivaa.

Rolex, kwa upande wake, imeanza kushika hata njia ambayo saa zake hupita baada ya kuuzwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilitangaza mpango wa kuzithibitisha saa zake kuukuu na kuziuza kwa hati yake, na mwaka 2023 ikatangaza kuinunua Bucherer, wauzaji wa Lucerne tangu 1888, wenye maduka zaidi ya mia moja, ambao mmiliki wao alikuwa mzee asiye na mrithi. Wenye maduka mengine, ambao kwa miaka mingi walikuwa mlango pekee wa kuipatia Rolex wateja, wameahidiwa kwamba Bucherer itaendeshwa mbali na kiwanda, na wanaendelea kuagiza.